Nyumba Isiyo na Kunguni

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimu rafiki yangu aliyehamia nyumba mpya, huku huku Songea. Alipofungua mlango, kabla hata hatujapeana mikono, nikaipata. Harufu ile. Ina mafuta ya taa ndani yake, ina utamu wa kitu kilichoanza kuoza, na nyuma kabisa ya koo inaacha ladha ya sarafu uliyoinyonya. Macho yakaanza kuniwasha. Rafiki yangu, mwanamke aliyesoma, mwenye shahada iliyotiwa fremu na kutundikwa sebuleni, akacheka.

"Pita bwana, usisimame mlangoni. Nimepulizia asubuhi, ni dawa tu. Haina madhara kwa binadamu."

Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani. Sikuwa nimesahau kitu. Nilisimama kando ya barabara nikitema mate kama mwenye mimba changa, nikamdharau kwa moyo mweupe kabisa, na nilipomaliza kumdharau yeye mawazo yakanirudisha kwa Shangazi, ambaye ndiye mwenye haki ya kwanza ya dharau yangu katika jambo hili.

Ninyi mliokua tulipokua sisi mnaijua sentensi hiyo. Haina madhara kwa binadamu. Tumelelewa nayo kama tulivyolelewa na uji. Waliotuambia hawakuisoma popote, maana chupa zenyewe hazikuwa na maandishi.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponipandisha basi kutoka kijijini kwetu Maposeni kwenda kukaa na dada yake mjini. Shule ya kwetu ilikuwa na madarasa mawili yasiyo na milango, na Shangazi alikuwa ametuma salamu kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kuwa mjinga wakati yeye yupo. Alikaa Lizaboni, katika nyumba yenye dari na sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta. Mumewe, niliyemwita Mjomba, alikuwa karani wa ofisi, mtu mpole ambaye upole wake haukumfaa mtu yeyote. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Skolastika, tuliyemwita Skola, wa miaka minne, mwenye paji kubwa na kicheko cha kukatika katika. Na walikuwa na makochi. Nayataja kwenye orodha ya familia kwa sababu ndivyo yalivyohesabiwa: makochi makubwa ya rangi ya damu ya mzee, yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, ambayo mtoto hakuruhusiwa kuyakalia bila kuulizwa amekanyaga wapi.

Shangazi alinipokea stendi, akanipeleka nyumbani, lakini hakuniingiza ndani. Alinisimamisha uani, kwenye jua, akatoka na kopo la poda nyeupe.

"Fumba macho."

Nikafumba. Akaninyunyizia kichwani, shingoni, kwapani, kwenye pindo la gauni. Fungu langu la nguo likazamishwa ndani ya beseni la maji yaliyokuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Hata jogoo niliyetumwa kumletea zawadi alipata sehemu yake chini ya mbawa, na siku ya pili alikutwa amelala ubavu nyuma ya choo. Shangazi akasema jogoo wa kijijini hawana nguvu.

"Ya Maposeni yaishie hapa," aliniambia, akifuta mikono kwenye kanga. "Humu ndani mwangu hakuna mdudu."

Asubuhi yake niliamka na vipele mkononi, vitatu vitatu, vimejipanga mstari kama mbegu. Shangazi aliviona wakati wa chai. Akaweka kikombe chini polepole, akamgeukia mumewe.

"Umeona, Baba Skola? Nilikuambia. Amekuja nao."

Mjomba akatazama vipele vyangu, akatazama chai yake, akachagua chai.

Nikaamini. Mtoto wa miaka tisa ataacha kumwamini nani? Niliamini kwamba kunguni hukaa ndani ya watu wa kijijini kama minyoo, na kwamba wakiona nyumba nzuri hutoka. Nilijifunza kukaa sakafuni ili nisiyachafue makochi. Darasani nilimwambia msichana tuliyekaa naye dawati moja asogee, nikimwonea huruma, naye akadhani namringia. Jioni nilikuwa najikuna kwa siri nikiwaomba wale wa ndani yangu wakae kimya. Huo ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa elimu ya mjini.

Dawa tuliinunua sokoni, kwa mtu mmoja aliyekaa pembeni ya wauza mitumba. Watu walimwita Daktari, naye aliitika. Alivaa koti jeupe lenye kola nyeusi kwa jasho. Mbele yake kulikuwa na chupa za maji ya kunywa, zile zile tunazonunua tukisafiri, zimejazwa vitu vya rangi ya chai, ya maziwa, ya mkojo. Vyote vilitoka kwenye madumu makubwa ya dawa za shambani, ambayo aliyaficha nyuma yake chini ya gunia. Mteja akiuliza kama dawa inafanya kazi, Daktari alifungua kifuniko, akanusa kwa matundu yote mawili ya pua, akafumba macho kama padri kwenye kikombe.

"Mama," alimwambia Shangazi siku ya kwanza niliyokwenda naye, "dawa isiyonuka haiui. Hii inanuka."

"Kipimo chake?"

"Kifuniko kimoja kwa bomba moja la maji. Lakini hicho ni kipimo cha wabahili."

Shangazi hakuwa bahili. Aliweka vifuniko vitatu. Alikoroga kwa mwiko wa zamani uliokatika mpini, akabeba bomba lake la mkono, akafunga madirisha yote, akapulizia. Alianza na makochi, akaingiza mdomo wa bomba kwenye mishono yake. Akaenda kwenye vitanda, akapulizia chaga, magodoro, nyufa za ukuta. Jumatano na Jumamosi, bila kukosa. Alikuwa hajifungi hata kitambaa puani. Mimi nilikuwa nyuma yake na tambara, kazi yangu kupangusa yaliyodondoka kwenye nta. Miezi ya baridi, na mnajua baridi ya Songea ikishuka kutoka milima ya Matogoro inavyokuwa, madirisha hayakufunguliwa hata baadaye. "Dawa lazima ikae ifanye kazi," alisema. Ikakaa. Nasi tukakaa nayo, tukala nayo, tukapiga nayo miayo.

Jumamosi zilikuwa na sababu yake. Jumuiya yetu ya sala ilikuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba, lakini Shangazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na makochi, alijitolea zamu za wengine hadi ikawa kila wiki ni kwetu. Alipulizia alfajiri. Saa nne wanawake walikuwa wameshajaa, rozari mikononi, madirisha yamefungwa. Na hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya niamini kwamba nyumba ile ilikuwa na neema kuliko nyingine zote. Tukifika fungu la pili la rozari, watu walikuwa wanalia. Si kulia kwa sauti. Machozi tu, yanashuka yenyewe, mashavu yameloa, pua zinavutwa ndani. Nyumba nyingine nilizowahi kusali watu walipiga miayo na kutazama saa. Kwetu walilia.

"Mama Skola," alisema siku moja mama mmoja mnene akijifuta kwa kanga, "sijui kwa nini, nikisali kwako moyo wangu unapasuka."

Shangazi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea kikombe cha ushindi. "Ni Roho Mtakatifu, mwenzangu. Nyumba ikiwa safi anakuja."

Nami nilikuwa chini sakafuni, nalia kama wao, nimejaa furaha, nikidhani nimetembelewa.

Skola alikuwa akilala pembeni yangu kwenye mkeka wakati wa sala, ananyonya ncha ya kitambaa cha kochi. Alipenda kukinyonya, na hakuna aliyemkataza, kwa kuwa mtoto anayenyonya kitambaa hapigi kelele. Nilipofika katika nyumba ile alikuwa mtoto wa kukimbia. Sijui ni mwezi upi alipoacha. Mambo kama hayo hayapigi hodi. Alianza kutoa udenda, mtoto mkubwa wa miaka minne, hadi kifua cha gauni kinaloa. Alikohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Alisinzia mchana, mara nyingine kijiko kikiwa mdomoni. Alilalamika tumbo. Alitoka jasho katika baridi ile. Mimi nami kichwa kiliniuma kila Jumatano na kila Jumamosi, nikashindwa kusoma maandishi ya ubaoni, yakawa yanaogelea. Nilipomwambia Shangazi alinijibu bila kugeuka.

"Mwili wa kijijini hauzoei mjini mara moja. Utazoea."

Na kuhusu Skola alisema ni mchango wa watoto, halafu akasema ni meno, halafu akasema ni uvivu wa ukoo wa baba yake. Alimnywesha mizizi. Alimvalisha sweta mbili. Siku zile zile alizomkanda kifua mwanaye kwa mafuta ya mawese, alinyanyuka akaenda kukoroga bomba.

Likizo ya kuvuna nilirudi Maposeni, na Shangazi akanipa Skola nikae naye kwa wazazi wangu, apate hewa. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alikuwa akikimbiza mbuzi. Alikula mahindi ya kuchoma hadi midomo ikawa myeusi, akapanda juu ya rundo la magunzi na kuteleza, akapanda tena. Kikohozi kilikwenda wapi sijui. Tuliporudi mjini Shangazi alimshika mashavu akashangilia: "Ona alivyonawiri!" Akampeleka moja kwa moja kwenye mkeka wake, mbele ya makochi. Ilikuwa Jumatano. Hadi Jumapili ile udenda ulikuwa umerudi.

Nilikuwa na miaka kumi na nililiona hilo. Mjomba alikuwa na arobaini na zaidi, na kalamu mfukoni, naye hakuliona.

Ni katika muhula ule pia nilipopoteza penseli. Iliteleza nyuma ya kitanda changu, nikainua godoro kuitafuta. Chini yake, kwenye maungio ya chaga, nikawakuta. Hawakuwa wawili watatu. Kulikuwa na tabaka nyeusi za kinyesi chao, maganda makavu, mayai kama punje za chumvi, na wenyewe wamejipanga kwenye ufa, wanene, watulivu. Hapakuwa na mdudu aliyefika mwaka jana ndani ya gauni la mtoto. Hao walikuwa wenyeji. Walikuwa na makaburi ya babu zao mle. Walikuwa wamepuliziwa vifuniko vitatu mara mbili kwa wiki na walikuwa wananitazama kwa afya njema kabisa.

Nilikaa sakafuni nimeshika penseli. Sikusikia ahueni, nilisikia kitu kipya ambacho sikuwa na jina lake, nacho kilimhusu Shangazi. Sasa najua jina lake. Niliposimama nilikuwa namdharau, na dharau ya mtoto ni kitu kibaya kwa sababu haina pa kwenda. Nikatandika kitanda vizuri. Nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu ya mkate wenye siagi asubuhi, na kwa sababu shule ya mjini ilikuwa na vioo vya madirisha. Tusidanganyane, nilikuwa mwoga wa kawaida. Nilinyamaza miezi.

Aliyesema alikuwa Mama Shaibu. Alipanga chumba cha uani, mwanamke wa Namasakata, huko Tunduru, ambaye mumewe alikuwa mkulima wa korosho na alikuja mjini kwa msimu. Alikaanga vitumbua mbele ya mlango wake kila asubuhi. Shangazi alimchukia kwa sababu nyingi, na kubwa ni kwamba kila mwezi Mama Shaibu alitoa kitanda chake nje mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa mzima, akakifungua vipande vipande, akamwaga maji ya moto kwenye maungio, na kuanika godoro juani.

"Anatuaibisha," Shangazi alisema, akichungulia kwenye pazia. "Mtu mwenye haya hawezi kutoa kitanda nje. Hao kunguni wanaotusumbua wametoka kwake."

Kwa hiyo sasa tulikuwa tunasumbuliwa. Humu ndani hakuna mdudu, lakini wametoka kwa Mama Shaibu. Na mwaka jana walitoka kwangu.

Asubuhi moja ya Jumatano Mama Shaibu alikuja mlango wa nyuma kuomba chumvi, bomba likiwa limekaa kizingitini. Akasimama. Akanusa. Akarudi hatua moja.

"Mama Skola, hii dawa umeitoa wapi?"

"Ya dukani."

"Hii ni ya mikorosho. Wallahi harufu hii siisahau. Mume wangu akitoka kupulizia simruhusu kumbeba mtoto mpaka aoge, na nguo zake nafua mbali. Sisi tunapulizia mti halafu tunaondoka. Ninyi mnapulizia halafu mnakaa mnakunywa chai?"

Shangazi alinyoosha mgongo. "Mama Shaibu, kila mtu na usafi wake. Mimi sikuzoea kulala na wadudu."

"Hata mimi sijazoea. Ndiyo maana nachemsha maji." Akamtazama Skola aliyekuwa amelala kwenye mkeka saa tatu asubuhi, mdomo wazi. "Na huyu mtoto anaumwa nini?"

"Huyu mtoto hakuhusu."

Mama Shaibu akaondoka bila chumvi. Shangazi akaokota bomba. Nilimtazama mgongo wake ukiinama kwenye makochi, mkono wake wa kulia ukisukuma na kuvuta, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mkono ule ulikuwa ukitetemeka. Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia. Nilifikiri: vizuri.

Jumamosi iliyofuata wageni walikuwa wengi kuliko kawaida, maana ilikuwa novena, sala za siku tisa, na Shangazi alizidisha dawa. Sijui aliweka vifuniko vingapi. Nilipokuja kupangusa, sakafu ilikuwa na utelezi. Saa nne wakaingia, wakakaa, wakaanza. Baridi ilikuwa kali, mlango ukafungwa. Hatukumaliza fungu la kwanza machozi yakaanza. Kwenye la tatu Skola alikaa kitako kwenye mkeka, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, akaanguka kwa ubavu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Mate yalimtoka mengi, yenye mapovu. Mkojo ukaenea kwenye mkeka.

"Yesu!" mtu akapiga kelele.

"Ni pepo!" akasema yule mama mnene. "Shikaneni mikono! Sala ndizo zimemtikisa, anataka kutoka!"

Nao wakashikana mikono. Ninaandika haya na bado siamini. Watu wazima kumi na tano, wenye watoto wao, walifanya duara kumzunguka mtoto asiyeweza kupumua, wakamzibia hata ile hewa mbaya iliyokuwepo, wakaimba. Shangazi alikuwa katikati amepiga magoti, anamkemea shetani kwa jina. Mjomba alikuwa amesimama karibu na dirisha. Dirisha lilikuwa na komeo. Mkono wake ulikuwa karibu na komeo.

Nilipita chini ya mikono yao nikakimbia uani. "Mama Shaibu, Skola anakufa!" Hakuniuliza. Aliacha vitumbua vikiungua, akaingia kwa mlango wa nyuma, akawasukuma wale wanawake kwa mabega kama mtu anayepita sokoni, akamnyanyua mtoto, akatoka naye nje. Alimlaza kwa ubavu juu ya kanga yake, akamvua kila kitu, akamwogesha kwa maji na sabuni ya mche kuanzia kichwani hadi vidoleni, akamfuta mdomo, huku akisema maneno yake polepole, Bismillahi, Bismillahi, na kwa sauti nyingine akitufokea: "Bodaboda! Kuna mtu ana akili hapa? Bodaboda!"

Hospitalini alikuwepo daktari kijana, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya uchovu. Walimpa Skola hewa, wakamchoma sindano, wakamtazama machoni kwa tochi. Kisha akatoka kwenye kibaraza tulipokuwa tumekaa, Shangazi, Mjomba na mimi.

"Nyumbani mnapulizia dawa gani ya wadudu?"

"Hatupulizii," alisema Shangazi.

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Mama, siulizi ili kukulaumu. Macho ya mtoto yanaonyesha kitu. Nikijua ni dawa gani nitajua nimtibu nini. Mnapulizia nini?"

"Nyumba yangu haina mdudu, daktari. Uliza mtu yeyote Lizaboni."

Mtoto wake wa pekee alikuwa nyuma ya pazia akipigania pumzi, naye alikuwa analinda makochi. Nimekutana na wezi, nimekutana na mlevi aliyeuza bati za nyumba ya mama yake, sijawahi kuona kitu duni kama kile. Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa anasoma bango la ukutani kuhusu kunawa mikono.

"Tunapulizia," nikasema. "Kuna kunguni. Wako kwenye vitanda na kwenye makochi. Dawa inatoka sokoni kwenye chupa ya maji, Mama Shaibu anasema ni ya mikorosho. Vifuniko vitatu. Jumatano na Jumamosi, na leo zaidi. Skola ananyonya vitambaa."

Shangazi hakunipiga pale. Alifumba macho tu, kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Benchi zima lilikuwa limesikia, na wawili kati yao walikuwa wa jumuiya.

Daktari aliniuliza maswali mengine, akaandika. Alipomaliza alimwambia Shangazi, si kwa ukali, maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Siwezi kukuambia kila kikohozi chake ni dawa. Pengine kifua chake ni dhaifu toka mwanzo. Leo ilimzidi, ndiyo maana umeona. Lakini ile ya kila wiki, kidogo kidogo, kwa mtoto anayelala sakafuni na kutia vitu mdomoni, haikuwa kidogo. Ninyi mnaona harufu imeisha. Dawa bado ipo."

Skola alipona. Aliruhusiwa baada ya siku tano, na bomba halikutumika tena. Sitamsifu Shangazi kwa hilo. Aliacha kwa sababu siri ilikuwa imekwisha, na asiye na siri hana haja ya kupulizia. Makochi, nilisimuliwa baadaye, yalitolewa nje, mtaa ukitazama, na aliyeonyesha namna ya kumwaga maji ya moto kwenye vitanda alikuwa Mama Shaibu, ambaye hakuwahi kuombwa msamaha wala kurudishiwa vitumbua vyake. Jumuiya ilihamia kwa watu wengine. Nasikia huko hawakulia.

Skola sasa ni mama wa watoto wawili. Anatembea na kopo dogo la kuvuta pumzi kwenye mkoba, na akipanda ngazi husimama katikati. Ni dawa? Ni kuzaliwa? Hakuna atakayejua, na kutojua huko ndiko wanakojificha akina Shangazi wote na akina Daktari wote wa sokoni, na rafiki yangu mwenye shahada. Ingekuwa inaua hapo hapo kama panga, wangeiogopa. Shangazi yu hai, mikono yake inatetemeka hata akishika kikombe, anasema ni uzee. Nikienda namwamkia, "Shikamoo Shangazi," anaitikia "Marahaba" akitazama pembeni. Hatujawahi kulizungumza.

Lakini nilitaka kusema habari za siku niliyorudishwa kijijini. Skola alikuwa bado hospitalini. Shangazi alifunga nguo zangu mwenyewe, akanipandisha basi la Peramiho, la njia ya kwetu, akatangulia kumpigia simu baba kwa simu ya jirani: mtoto huyu ana mdomo mchafu, ameuza heshima ya nyumba yangu mbele ya watu, sitaki kumwona. Njia nzima nililia. Nililia shule ya vioo, nililia Skola, na nililia kwa sababu baba alimheshimu dada yake kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, na alikuwa mtu wa fimbo.

Nilimkuta shambani, anang'oa mabua ya mahindi. Hakunipokea mzigo. Aliendelea kung'oa hadi mwisho wa tuta, akarudi, akasimama mbele yangu, mikono imejaa udongo.

"Dada yangu anasema umemwaibisha. Ulisema nini huko?"

"Nilimwambia daktari kuna kunguni."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Na walikuwepo?"

"Walikuwepo."

Akakung'uta udongo mikononi. Halafu akainama, akachukua fungu langu, akalitupia begani pake na kuanza kuelekea nyumbani.

"Basi," alisema bila kugeuka. "Njoo ule."